Uwanja Hupatikana kwa Jasho: Vijana wa Mathare na Ligi Yao

Shule ikifungwa, mtoto wa mkulima hana haja ya kutafuta kazi. Mbuzi wamngojea, kahawa imeiva, na kuni za jikoni haziji zenyewe. Akiisha kumsaidia mama yake, hukimbilia malishoni pamoja na wenziwe, wakacheza mpaka jua litue. Lakini mtoto wa mjini je? Katika mtaa wa Mathare, jijini Nairobi, jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja cha mabati. Baba ametoka alfajiri kutafuta kibarua, na mama yuko sokoni au anafua nguo za watu. Mbele ya mlango pana mtaro wa maji machafu, na ng'ambo ya mtaro pana mlango wa jirani. Likizo ya Agosti ikifika, mtoto huyo aende wapi?

Swali hilo si dogo. Mtoto asiye na mahali pa kucheza huchezea barabarani penye magari, au jalalani penye vioo na misumari, au kando ya mto unaoweza kufurika. Akifika umri wa ujana, huwakuta vibarazani watu walio tayari kumfundisha kazi mbaya. Mzazi aliye shamba, ambaye mwanawe au mjukuu wake yuko Nairobi, anayajua haya, nayo humnyima usingizi.

Shauri la Mwaka wa 1987

Watoto wa Mathare wenyewe walikuwa wamekwisha kuchagua mchezo wao tangu zamani. Walikunja mifuko ya plastiki na vitambaa, wakaifunga kwa kamba mpaka ikawa mpira, wakapiga popote palipokuwa na nafasi. Walichokosa ni mpira wa kweli, refa, na mtu mzima wa kuwaangalia.

Katika mwaka wa 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika mambo ya mazingira na maendeleo, alishauriana na vijana hao juu ya kuanzisha ligi. Hakuwajia kama mtu agawaye sadaka. Shauri lilikuwa kwamba vijana watasaidiwa kwa kadiri watakavyojisaidia wenyewe. Wasipofanya neno, hawatafanyiwa neno. Ndivyo kilivyozaliwa chama kiitwacho Mathare Youth Sports Association, ambacho watu wamezoea kukiita MYSA.

Takataka Zenye Alama

Kanuni iliyokipa chama hicho sifa ni ya usafi. Mathare ya siku zile ilikuwa na taka kila mahali, kwa kuwa magari ya kuzoa taka hayakuweza kupenya katika vichochoro vyake. Taka zikiziba mitaro, mvua ikinyesha maji machafu huingia majumbani, na watoto wadogo huugua matumbo na homa. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba timu za mpira ndizo zitakazosafisha mtaa.

Wala kazi hiyo haikuachwa kwa wapendao tu. Timu iliyotimiza zamu yake ya usafi ilipewa alama, nazo zikaongezwa juu ya alama ilizozipata uwanjani. Basi timu hodari iliyowafunga wote, lakini ikadharau sepetu na reki, iliweza kupitwa na timu dhaifu iliyofanya kazi yake kwa uaminifu. Kijana aliyeuchukia mtaro alijifunza kwamba mtaro huo ulikuwa sehemu ya mchezo kama lilivyo goli.

Siku ya usafi vijana hutoka kwa makundi, hawa wakizibua mitaro, hawa wakikusanya taka kwa matoroli. Watu wazima wanaopita huwatazama, na wengine huona haya kutupa maganda mahali palipofagiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Hapana hotuba iwezayo kufundisha jambo hilo vizuri zaidi. Katika mwaka wa 1992, Umoja wa Mataifa ulipofanya mkutano wake mkubwa wa mazingira huko Rio de Janeiro, vijana wa Mathare walitunukiwa tuzo iitwayo Global 500 kwa ajili ya kazi hiyo.

Adabu ya Uwanjani

Kanuni nyingine zilihusu tabia. Nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema na refa. Wengine hawakuwa na ruhusa ya kumzunguka na kumpigia kelele. Mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu hakurudi uwanjani kwa kungoja siku zipite tu, bali alipaswa kwanza kushika filimbi na kuwa refa wa watoto wadogo. Hapo alionja mwenyewe taabu ya kubishiwa. Tena palikuwa na kadi ya kijani, ambayo alipewa yule aliyeonyesha uungwana kuliko wenziwe.

Uongozi nao uliwekwa mikononi mwa vijana. Walichagua wajumbe wao, wakapanga mechi, wakatunza vifaa, wakaandika hesabu. Wale waliojitolea kwa bidii, iwe kwa kufundisha wadogo, kuwa marefa au kusafisha mtaa, waliweza kusaidiwa karo, na fedha hizo zilipelekwa shuleni moja kwa moja. Kwa mzazi maskini, hiyo ni faida aishikayo mkononi.

Wasichana Nao

Hapo mwanzo ligi ilikuwa ya wavulana tu. Wasichana walipoingizwa, katika miaka ya kwanza ya 1990, wazazi wengi walikataa. Binti ndiye ateka maji, ndiye apikaye, ndiye alindaye mtoto mchanga mama akiwa kazini. Akienda mpirani, kazi hizo zifanywe na nani? Tena wazazi waliogopea usalama wake njiani.

Viongozi hawakuwabeza wazazi hao, kwa maana hofu yao ilikuwa ya haki. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza nao, wakapanga michezo saa ambazo binti ameweza kumaliza kazi, na ambazo ataweza kufika nyumbani kabla ya giza. Polepole milango ikafunguka.

Mpaka Ng'ambo

Huko Oslo, katika nchi ya Norwe, hufanywa mashindano makubwa ya vijana yaitwayo Norway Cup, yaliyoanzishwa mwaka wa 1972. Huwa wakati wa kiangazi cha Ulaya, shule za huko zikiwa zimefungwa na jua likikawia kutua. Timu za Mathare zimekwenda huko, na watoto waliokulia kando ya mtaro wamecheza katika majani mabichi pamoja na watoto wa mataifa mengi.

Hata hapa nchini matunda yameonekana. Katika mwaka wa 1994 iliundwa timu ya wakubwa, Mathare United. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka wa 1998, ikalitwaa tena mwaka wa 2000, na mwaka wa 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Baadaye ilipatwa na dhiki ya fedha, hata ikashuka daraja. Lakini hasara ya timu moja haifuti kazi ya chama. Maelfu ya watoto waliopita katika ligi hiyo hawakuwa mabingwa wa kitu chochote. Walikuwa makarani, mafundi, walimu na wazazi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kinachohitajiwa

Watu wa miji mingine, na hata wa masoko ya mashambani yanayogeuka kuwa miji, wanaweza kufanya vivyo hivyo. Gharama yake ya kwanza si kubwa: mipira michache, filimbi, reki na sepetu, na mtu mzima mmoja au wawili waaminifu ambao hawatachoka baada ya juma la kwanza. Kitu kilicho kigumu zaidi ni uwanja. Viwanja vya umma vingi vya Nairobi vimenyakuliwa na kujengwa, na kiwanja kilichokwisha kujengwa hakirudi kuwa cha watoto. Wazee wa mtaa wanaojua mahali pa wazi palipobaki yafaa wahakikishe kwamba pameandikwa kuwa mali ya umma, na wapalinde, kabla hapajawekwa mawe ya msingi.

Likizo huja mara tatu kwa mwaka. Kila inapokuja, watoto wa mjini watatoka nje, kwa maana chumba kimoja hakiwatoshi. Yafaa wakute uwanja, refa, na kazi yenye alama.