Televizio ya sahani mbili: Artikle 15 ndani ya parselle ya Muhumba

Jioni moja, ndani ya parselle moja ya Muhumba, umeme ulikuwa umeenda, kama kawaida. Tulikuwa watu watano kuzunguka meza ya mbao: fundi mmoja wa maradio, mwalimu mmoja wa fizika, wanafunzi wawili wa mwaka wa sita, na sisi wa kalamu. Juu ya meza kulikuwa sahani mbili za muziki za zamani, zile nyeusi kubwa, zimekwaruzwa mpaka hakuna rumba inayosikika tena. Kulikuwa pia moteri ya imprimante iliyokufa, kipande cha sola kilichotoka ndani ya mashine ndogo ya hesabu, radio bila kifuniko, na tochi. Jirani mmoja akapita, akauliza kama tunatengeneza mashine ya kutwanga sombe. Hapana, mama. Tunatengeneza televizio.

Alicheka, na hatumlaumu. Kwetu televizio ni kitu cha kununua dukani, kinatoka mbali ndani ya kartoni. Lakini ile ya kwanza haikutoka dukani.

Mwaka 1884, mwanafunzi mmoja wa Berlin, Paul Nipkow, aliomba hati ya kulinda wazo lake: sahani inayozunguka, yenye matundu madogo yaliyopangwa kama konokono. Kila tundu likipita mbele ya picha, linakata mstari mmoja wa mwangaza. Sahani ikizunguka mara moja, picha nzima imeshasomwa, mstari kwa mstari, sawa vile tunasoma gazeti. Nipkow hakufikia kuonyesha mashine inayofanya kazi.

Aliyeifikisha ni Mscotland mmoja, John Logie Baird. Alikuwa mtu wa afya mbaya, na pesa hakuwa nayo. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuuza soksi, kutengeneza jam kule Trinidad, na kuuza sabuni. Mwaka 1923 alienda kukaa Hastings, mji wa pwani ya Uingereza, na akaanza kukusanya takataka: kartoni ya kofia, sanduku la chai, sindano za kushonea, vioo vya taa za baiskeli, gundi na nta. Mwaka 1924 umeme mkali ulimtupa chini, na mwenye nyumba akamwomba atoke. Akahamia London. Tarehe 2 Oktoba 1925 aliona uso wa sanamu yake ukitokea vizuri. Akashuka mbio kutafuta mtu mzima, akampata kijana wa ofisi, William Taynton, akamlipa akae mbele ya zile taa za moto. Tarehe 26 Januari 1926, katika mtaa wa Frith Street, alionyesha mashine yake mbele ya wataalamu. Picha ilikuwa na mistari 30 tu. Hapa kwetu Kongo, televizio ya taifa ilianza mwaka 1966, yaani miaka 40 baadaye.

Basi, turudi Muhumba. Mwalimu aliweka sahani juu ya karatasi, akagawa duara sehemu 16, kila moja nyuzi 22 na nusu. Tundu la kwanza liko sentimeta 14 kutoka katikati, na kila linalofuata linaingia ndani milimeta 2. Tulianza kutoboa kwa msumari wa moto. Kosa hilo! Plastiki iliyeyuka, matundu yakawa na midomo. Tukapata sahani zingine, fundi akatoboa na kekee ya mkono, polepole. Zile sahani mbili tukazifunga juu ya mti mmoja wa chuma, matundu yakiangaliana, ili zizunguke pamoja. Baird alisumbuka sana kufanya mashine mbili ziende mwendo mmoja. Sisi tuliruka hiyo shida, tunakubali.

Upande mmoja tukaweka tochi, kisha mkono wa mtu, kisha sahani ya kwanza, na nyuma yake kile kipande cha sola. Mwangaza ukipita ndani ya tundu, sola inatoa umeme kidogo sana. Mkono ukiuzuia, umeme unapungua. Radio inaongeza nguvu ya huo umeme. Na hapa wanafunzi walishangaa: kabla ya kuona picha, tuliisikia. Spika ilinguruma, na mkono ukisogea, mngurumo unabadilika. Kumbe picha ni mawimbi kama wimbo. Baird mwenyewe, kuanzia 1927, aliandika picha zake juu ya sahani za gramofoni.

Kisha fundi akatoa spika, akaweka mahali pake taa moja ya LED na pile, nyuma ya sahani ya pili, na kipande cha plastiki nyeupe cha kutawanya mwangaza. Moteri ikaanza. Tukaona nini? Mistari mieusi inayopanda, basi. Siku hiyo umeme ulikuwa umerudi, na tulitumia taa ya nyumba badala ya tochi. Mwalimu ndiye aliyeelewa: umeme wa ukutani unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa mara 100. Jicho letu halioni, lakini sola inaona. Tukazima taa, tukarudi kwa tochi ya pile. Ile tunalalamikaka kila siku, giza, mara hii ilitusaidia.

Na pale, ndani ya dirisha dogo kama sanduku la viberiti, vidole vinne vilitokea. Vilitetemeka, vilikuwa vyeusi juu ya mwangaza hafifu, lakini mtoto wa jirani alipofunga ngumi yake, na picha ikafunga ngumi. Akapiga kelele: "Ule ni mukono yangu!"

Je, kuna faida gani? Televizio hii haiwezi kuonyesha mpira. Hata ya Baird ilishindwa: mwaka 1937 BBC iliacha mfumo wake na kuchukua ule wa elektroniki, wenye mistari 405. Lakini wale wanafunzi wawili walikuwa wamenakili somo la mwangaza na umeme ndani ya daftari, kutoka ubaoni, bila kugusa waya hata mmoja. Shule mingi za kwetu hazina laboratwari. Mtoto anapita Examen d'État, anapata asilimia, na hajawahi kuona kitu kikikataa kutembea, wala kutafuta sababu. Lakini kutafuta sababu njo fizika yenyewe.

Kule Malawi, William Kamkwamba alitoka shule kwa kukosa pesa, wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Alisoma kitabu ndani ya maktaba ndogo ya kijiji, akatengeneza mashine ya upepo na baiskeli iliyovunjika, feni ya trakta na dinamo. Aliwasha taa ya nyumbani kwao. Hakungoja laboratwari.

Neno moja kwa wazazi na vijana: musifungue televizio za zamani zenye mgongo mrefu. Hata zikiwa zimetolewa kwenye umeme, ndani yake mnaweza kubaki nguvu ya kuua. Pile na tochi zinatosha.

Sisi Wakongomani tunajua Artikle 15: ujitafutie. Mara mingi maana yake ni kuuza, kubeba, kuvuka mpaka. Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa anasema akimaliza shule ataenda kwenye machimbo. Bado anasema hivyo. Lakini juzi alirudi kwa fundi na sahani nyingine chini ya mkono, akauliza kama inawezekana kutoboa matundu 32.