KUPIGA HEMA KANDO YA MTO MISSOURI

Somo letu la leo linahusu mahali ambapo watu huenda kupumzika, na papo hapo wakajifunza mambo ya kale. Mahali penyewe ni Fort Abraham Lincoln, hifadhi ya jimbo la North Dakota, Marekani. Ni mali ya serikali ya jimbo, nayo ilianza mwaka 1907.

Hapo mto mdogo uitwao Heart unaingia katika mto mkubwa wa Missouri. Je, penye makutano ya mito pana nini? Pana maji, samaki, kuni na udongo wenye rutuba. Ndiyo sababu watu walikaa hapo tangu zamani, na ndiyo sababu wageni hupiga hema hapo leo.

Wakazi wa zamani wa hapo walikuwa Wamandan. Kijiji chao kilichokuwa mteremkoni kilianza katika karne ya 16. Msidhani kwamba watu hawa walikuwa wa kuhamahama. La, walikuwa wakulima. Wanawake walilima mahindi, maharagwe, maboga na alizeti bondeni. Na mahindi hayo si mageni kwetu: asili yake ni Amerika, nayo yalivuka bahari baada ya safari za Columbus, hata leo yakawa ugali wetu.

Nyumba zao zilikuwa za mviringo. Katikati walisimamisha nguzo nne kubwa, wakaweka boriti, matawi, nyasi, kisha udongo mzito juu yake. Moshi ulitoka katika tundu la paa. Udongo ule ulizuia baridi kali ya huko, na nyumba ilikuwa mali ya wanawake.

Mwaka 1781 ukaja ugonjwa wa ndui. Watu wengi sana walikufa, na waliosalia wakahamia kaskazini. Lewis na Clark walipopita mwaka 1804 walikuta magofu. Mwaka 1872 jeshi la Marekani lilijenga ngome hapo. Kutoka ngome hiyo, mwezi Mei 1876, Custer aliondoka na askari wake wa farasi. Tarehe 25 Juni aliuawa katika vita vya Little Bighorn. Jeshi liliiacha ngome mwaka 1891. Katika miaka ya 1930 vijana wa kazi za serikali walijenga upya baadhi ya nyumba za udongo, ili watu wazione.

Haya, sasa mgeni afanyeje anapopiga hema mahali kama hapo?

Kwanza, asisimamishe hema ukingoni. Mto hupanda usiku watu wakiwa wamelala. Mwaka 2011 Missouri ulifurika na kuingia katika makazi ya watu karibu na hapo.

Pili, moto auwashe mahali palipowekwa tu. Kabla ya kulala aumwagie maji, aukoroge, aumwagie tena, mpaka majivu yawe baridi.

Tatu, akiona kigae au mfupa, asiuchukue. Kitu kikiondolewa pale kilipolala, hakiwezi tena kutueleza habari zake.

Tena hapo si mahali pa watu waliokwisha. Wazao wa Wamandan wapo, pamoja na Wahidatsa na Waarikara, mbali kidogo juu ya mto. Katika miaka ya 1950 maji ya bwawa la Garrison yalifunika mashamba na vijiji vyao vya bondeni, zaidi ya ekari 150,000. Kwa hiyo anayelala kando ya mto ule ni mgeni wa watu hao. Na mgeni mwema huiacha nyumba kama alivyoikuta.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini Wamandan walichagua makutano ya mito?
2. Katika wilaya yenu, ni mahali gani pa kale panapofaa kuhifadhiwa? Nani aulizwe kwanza?