Kompyuta Mbili Chini ya Paa Moja

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini kwa kuwa juzi redio yako ilikuwa imeishiwa betri, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo dogo la nyumbani ambalo limemtesa rafiki yangu mmoja kupita kiasi.

Rafiki yangu huyu ni mwalimu wa sekondari, anaishi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nilikwenda kumjulia hali. Asubuhi niliondoka Mbinga mjini nikiwa nimejifunika koti, ukungu umetanda juu ya milima ya Wamatengo, nikashuka kwa barabara ya lami, kilometa kama 66 za kona na miteremko, na nilipofika chini koti lilikuwa mkononi na pua imejaa harufu ya dagaa walioanikwa. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba kabla ya lami, na kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, safari hiyo wakati wa masika haikuwa na ratiba. Ulikuwa unafika utakapofika.

Nyumba ya Mwalimu ina kompyuta mbili. Moja ni ya mezani, kuukuu, iko sebuleni pamoja na printa. Ya pili ni kompyuta mpakato, hii ambayo wengi tunaiita laptopu, iko chumba cha ndani, na ndiyo anayotungia mitihani na kuwekea alama za wanafunzi. Mkewe anafanya biashara ya dagaa, hununua hapo ziwani na kupeleka Mbinga na Songea, na hesabu zake zote ziko katika ile ya sebuleni. Kati ya kompyuta hizo mbili kuna hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Na chombo kilichokuwa kikisafiri katika hatua hizo kumi na mbili kilikuwa ni flashi.

Flashi hiyo ilichomekwa siku moja katika kompyuta ya duka fulani la kudurufu karatasi, ikarudi nyumbani na virusi. Alama za kidato cha pili, mikondo mitatu, zikatoweka. Mwalimu akazikusanya upya kutoka katika madaftari na karatasi za wanafunzi, mmoja mmoja, na baadhi ya karatasi hizo zilikuwa zimekwisha kufungia maandazi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wapo wanafunzi wanne ambao mpaka leo hajui kama alama alizowaandikia ndizo walizostahili.

Nikamwuliza, "Sasa Mwalimu, kwa nini usiziunganishe hizi kompyuta zikazungumza zenyewe?"

Akacheka. "Ndugu yangu, kuunganisha ni mambo ya bando. Na bando langu mimi ni la kutazamia matokeo ya mpira."

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana kosa la Mwalimu ni kosa la wengi wetu, hata sisi wa mjini. Tumezoea kusema "mtandao" tukiwa na maana ya intaneti, na intaneti tunainunua, basi tunadhani kila mtandao hununuliwa. La hasha. Mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zinazopeana habari, basi. Zikiwa nyumba moja hazihitaji mnara, wala kampuni ya simu, wala senti moja ya vocha. Na njia mojawapo ya kufanya hivyo wengi wenu mnayo tayari na hamjui. Ni Bluetooth, ile ile mliyokuwa mkirushiana nyimbo kwa simu miaka ile, mmekaa kwenye kibaraza simu zimegusana utadhani zinasalimiana.

Kazi ya kuibuni ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, na lengo lilikuwa kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana ili kila kifaa kielewe kingine bila kujali nani amekitengeneza. Jina wamelichukua kwa mfalme wa kale wa Denmark, Harald, aliyeitwa "Jino la Bluu", kwa kuwa aliwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Wakati hayo yanatendeka sisi huku kompyuta zenyewe zilikuwa bado za kuhesabika. Tusisahau kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tumetoka mbali.

Inafanyaje kazi? Ni redio, kama hii unayonisikilizia, ila ndogo sana. Hewani imetengewa vijia 79, na vifaa viwili vinavyozungumza havikai katika kijia kimoja. Vinaruka kutoka kimoja kwenda kingine mara 1,600 kwa sekunde. Wanaoijua ngoma ya mganda, inayochezwa sana pande hizo za ziwa, watanielewa upesi. Katika mganda kuna kiongozi, na wachezaji wote hugeuka pale anapogeuka na kupiga hatua pale anapopiga. Mtu wa pembeni asiyejua mpango akijaribu kuingia katikati atakanyaga miguu ya watu. Bluetooth ni hivyo hivyo. Kifaa kimoja huwa kiongozi, hutoa mapigo, na vingine hufuata. Kiongozi mmoja anaweza kuongoza wafuasi saba kwa wakati mmoja, basi jumla ni vifaa vinane. Na kijia kikiwa na kelele, labda kwa sababu ya Wi-Fi ya jirani au jiko la maikrowevu, vifaa vya tangu mwaka 2003 hivi hukiacha na kuruka penginepo.

Basi jioni ile nikafungua mkoba wangu. Kompyuta ya mezani haikuwa na Bluetooth, lakini nilikuwa na kale kadude kadogo kama ukucha wa kidole gumba kanakochomekwa kwenye tundu la USB. Nikakachomeka. Windows ikakatambua yenyewe. Tukawasha Bluetooth pande zote mbili, tukaiambia laptopu itafute jirani, ikaiona ile ya sebuleni. Zikaja tarakimu sita kwenye kioo cha laptopu, na tarakimu sita kwenye kioo cha sebuleni. Mwalimu akasoma huku, mkewe akasoma kule kwa sauti, zikalingana, tukakubali. Kitendo hiki mabingwa wa lugha wanakiita kuoanisha. Mimi nakiona ni posa tu.

Na kwa kweli ilikuwa posa tu, maana nilitangaza kazi imekwisha, tukaenda kunywa chai, na tuliporudi hakuna kilichopita. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo huwapoteza wengi: kuoanisha siyo kuunganisha. Kuoanisha ni kufahamiana. Mtandao unauanzisha baadaye, kwa makusudi. Bofya kwa kitufe cha kulia ile alama ya Bluetooth pembeni chini ya kioo, chagua maneno "Join a Personal Area Network", ichague kompyuta ya pili, kisha uamuru iunganishwe moja kwa moja. Halafu subiri. Kompyuta hizi hazina mkubwa wa kuzigawia anwani, kwa hiyo zinajipa zenyewe, na hilo huchukua kama dakika moja. Ukiona anwani inayoanza na 169.254 usiogope. Penye intaneti namba hiyo ni dalili ya ugonjwa, lakini hapa ni dalili ya uzima.

Baada ya hapo ndipo unapofungua folda moja katika kompyuta ya sebuleni na kuiruhusu ionekane na mwenzake. Nasema folda moja, siyo diski nzima. Tulipojaribu kuingia kutoka chumbani tukakataliwa, na hapa tulipoteza nusu saa nyingine. Sababu? Kompyuta ya sebuleni haikuwa na neno la siri, na Windows haimruhusu mgeni wa mtandaoni kuingia kwa akaunti isiyo na neno la siri. Tukaweka neno la siri, nalo likakubali. Mtihani wa kidato cha pili ukatoka chumbani hadi sebuleni kufumba na kufumbua. Printa nayo tukaishirikisha, na karatasi ikatoka Mwalimu akiwa amekaa kitandani.

Sasa nisikudanganye. Njia hii ni ya polepole. Katika hali nzuri kabisa utapata kilobaiti 200 hivi kwa sekunde, na mara nyingi pungufu ya hapo. Mtihani au daftari la hesabu la kilobaiti 100 unapita kabla hujapepesa jicho. Wimbo wa megabaiti 3 utachukua kama robo dakika. Lakini sinema ya megabaiti 700 itakuchukua saa nzima, na mtu akipita na kuzima kompyuta mojawapo umeanza upya. Halafu kuna umbali. Vifaa vingi hufika mita kumi hivi, na nyumba zetu za matofali ya kuchoma hupunguza hizo kumi. Kwa Mwalimu ukuta ni mmoja tu. Ungekuwa wa pili nadhani nisingekuwa na cha kusimulia leo.

Na kila unapowasha kompyuta upya, kuoana kunabaki lakini muungano unabidi uuanzishe tena. Inachosha kidogo.

Kwa hiyo mwenye waya wa mtandao, ule wa kuchomeka kompyuta kwa kompyuta, autumie, ni wa haraka mara nyingi zaidi. Mwenye Wi-Fi pande zote mbili naye atumie hiyo, kwani hata Wi-Fi haihitaji bando ili kompyuta mbili za nyumba moja zizungumze. Kompyuta kuukuu ya Mwalimu haikuwa na Wi-Fi, na waya wa kupenyeza ukutani mkewe aliukataa kabla sijamaliza sentensi. Nilimwelewa.

Neno moja kwa wanaokwenda madukani Kariakoo. Muuzaji atakuonyesha kadude kalikoandikwa 5.0 na kukuambia kana kasi na kanafika mbali kuliko ka zamani. Si mwongo kabisa. Toleo hilo lilitoka mwaka 2016 na liliongeza umbali na kasi, lakini katika ile Bluetooth ya kutumia umeme kidogo, ya saa za mkononi na vipimo. Mtandao wa kompyuta niliousimulia hapa unatumia Bluetooth ya asili, ambayo kasi yake ya megabiti 3 hewani ilifikiwa tangu mwaka 2004. Kwa kazi hii ka bei nafuu kanatosha, usitoe pesa kwa sababu ya namba.

Juu ya usalama, Mwalimu aliniuliza kama jirani anaweza kuuona mtihani. Swali zuri, hasa kwa mtu wa kazi yake. Ukikutana na ombi la kuoanisha usilolianzisha wewe, likatae. Ukilianzisha wewe, linganisha zile tarakimu sita kweli kweli, usibofye tu. Ukimaliza kuoanisha, ficha kompyuta zako zisionekane na wapita njia, na kazi ikiisha zima Bluetooth. Mwaka 2017 wataalamu walifichua mapengo waliyoyaita BlueBorne, yaliyomwezesha mtu aliye karibu kuingia katika kifaa ambacho Bluetooth yake imewashwa, hata bila kuoanishwa naye. Marekebisho yalitolewa, lakini yanafika kwa kompyuta inayosasishwa, na kompyuta nyingi za nyumbani hazijasasishwa tangu zinunuliwe. Mwalimu alikiri kwamba ya sebuleni ni mojawapo. Basi tukatumia bando lake la mpira kwa kazi hiyo, na hakufurahi.

Mkewe ndiye aliyeuliza swali la mwisho, wakati mimi nimekwisha kunawa kwa ajili ya ugali na mbasa. "Shemeji," akasema, "hii inaweza kunifikisha mpaka mwaloni, niwe naandika magunia kule yanaingia huku nyumbani?"

Nikamwambia haiwezi, kutoka hapo hadi mwaloni ni mbali mno. Lakini jioni akirudi na simu yake, simu nayo ina Bluetooth, inaweza kuoana na ile ya sebuleni na kuipelekea hesabu za siku hiyo akiwa amekaa barazani. Akataka tuijaribu hapo hapo. Chakula kikasubiri. Ile flashi ya zamani ilikuwa juu ya meza, na mtoto wao mdogo alikuwa amekwisha kuifunga kamba, anaiburuta sakafuni na kunguruma kama lori linalopanda mlima kwenda Mbinga.