Nyama ya Shukrani Hailali (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba neno Ekaristi asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Leo turudi nyuma zaidi, hadi Mambo ya Walawi sura ya 7, kwenye sharti dogo ambalo ni rahisi kulipita. Aliyechinja sadaka ya amani kwa nadhiri au kwa hiari yake aliruhusiwa kula nyama ile leo na kesho. Aliyechinja kwa ajili ya shukrani alipewa siku moja tu. Kisibaki kitu hadi asubuhi. Tena juu ya nyama iliongezwa mikate, isiyotiwa chachu na iliyotiwa. Hata kidari na paja la kulia vikishakwenda kwa makuhani, mtu aliyechinja ng'ombe angeimaliza nyama hiyo na mkewe na watoto kabla hakujacha? Sharti halitaji jirani popote, lakini ukipiga hesabu unamwona jirani amekwisha kuketi.

Kwa jicho hilo naitazama Krismasi yetu. Desemba mabasi ya Moshi hujaa, watu wanapanda Marangu, Machame na Rombo, mbuzi wanachinjwa, na kwa desturi ya Wachagga viungo vya mnyama vina wenyewe katika ukoo. Wapo wanaouona mgawo huo kuwa mambo ya kizamani. Mimi nauona uko karibu na Walawi kuliko bahasha ya sadaka ya shukrani inayotumbukizwa kapuni huku friji nyumbani haifungiki kwa nyama. Bahasha si kosa, ila aliyeitoa anaweza kurudi kwake akala peke yake, na Walawi hawakumwachia nafasi hiyo.

Msomaji atauliza: na Januari je? Ada, sare, kodi ya nyumba. Swali ni la haki, na pengine ndilo linalofanya karamu nyingi ziwe za kujionyesha, kisha za madeni. Lakini torati haikudai zizi zima. Ilidai mnyama yule mmoja aliyekwisha kuchinjwa, asifichwe. Mwenye kuku achinje kuku. Saa zilezile zinamhusu.

Pingamizi zito zaidi ni la aliyefiwa mwaka huu, anayesimamishwa mbele ya kanisa atoe ushuhuda wa shukrani ilhali koo limekauka. Hapa Kumbukumbu la Torati 16 inasaidia. Katika sikukuu ya vibanda, baada ya mavuno, anayeambiwa afanye karamu ni mwenye nafaka na divai. Mgeni, yatima na mjane wanatajwa kuwa watu wa mezani pake. Kumgeuzia mjane mzigo huo, tukampa kipaza sauti badala ya sahani, ni kusoma andiko kichwa chini miguu juu.

Juma lijalo tutawaendea wakoma kumi wa Luka 17, na kwa nini yule mmoja aliyerudi alikuwa Msamaria.