Kipimo Kabla ya Mashine: Usahihi katika Karakana ya Nyumbani

Mashine ya kusaga inaponyamaza katika kijiji kama Nyansurura, mkoani Mara, habari hiyo hufika kila nyumba kabla ya jua kutua. Mahindi, mtama, ulezi na muhogo mkavu hurudi nyumbani bila kusagwa, au huchukuliwa kichwani na kwa baiskeli hadi kijiji kingine. Mara nyingi kilichoharibika si injini, bali shafti imelika pale inapokaa beringi. Fundi hukata kipande cha bati la kopo, akakizungushia shafti ili beringi ikaze, na mashine ikaanza kunguruma tena. Baada ya siku chache beringi hupata moto, gololi zake huvunjika, na shughuli ya kutafuta nyingine huanza upya.

Kosa la fundi huyo si uvivu, wala si upungufu wa akili. Amekosa kipimo. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40 inayobeba beringi ya gololi kwa kawaida hutakiwa kuzidi kipenyo hicho kwa sehemu 2 hadi 18 za elfu za milimita. Ikipungua, beringi huteleza juu yake na kuila; ikizidi mno, gololi hubanwa. Unywele wa kichwa cha mwanadamu una unene wa sehemu 50 hadi 100 za elfu za milimita. Jicho, hata liwe kali namna gani, haliwezi kuamua jambo kama hilo.

Je, usahihi huo waweza kutafutwa mahali pasipo na kiwanda? Hapana budi kujibu kwamba usahihi wote wa viwandani ulianzia katika vyombo duni na mikono ya watu.

KUKEREZA SI JAMBO GENI

Maseremala wa pwani yetu walitoboa mbao kwa keekee. Chuma chake kilitiwa katika msukano, msukano ukazunguka ndani ya jivu, yaani kishikio, nao ukaendeshwa kwa uta na kamba. Wakerezaji nao walizungusha mti na kuuchonga kwa patasi ili kupata miguu ya vitanda. Wazo la kuzungusha kitu mbele ya chombo chenye makali, basi, ni letu pia.

Jipya lililotokea Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 lilikuwa usahihi. Henry Maudslay, katika karakana yake mjini London, alitengeneza mnamo mwaka 1800 mashine ya chuma ambayo patasi yake iliongozwa na skrubu badala ya mkono. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Maudslay, alieleza mwaka 1840 mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow namna ya kupata bapa lililonyooka kweli.

MABAPA MATATU

Njia hiyo yaweza kujaribiwa shuleni kwa vipande vitatu vya jiwe la sabuni, lile linalochongwa Tabaka, huko Kisii, ng'ambo ya mpaka. Tuviite A, B na C. Paka A masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, kisha ukilaze juu ya B. Sehemu za B zilizoinuka zitapata weusi. Zikwangue kwa makali ya kisu. Fanya hivyo kwa B na C, kisha C na A, ukigeuza vipande kila mara, na kuendelea kwa zamu.

Kwa nini vitatu, visiwe viwili? Vipande viwili vyaweza kuoana barabara ilhali kimoja kimebonyea na kingine kimetuna, kama kikombe na yai. Lakini vipande vitatu haviwezi kuoana vyote, kila kimoja na kila kingine, isipokuwa vyote vimenyooka. Hapa hakuna bapa la mfano lililoagizwa kutoka popote. Usahihi umezaliwa kwa kulinganisha.

SKRUBU NA TAA

Chombo cha pili ni skrubu. Bolti ya kawaida ya milimita 6 husogea milimita 1 kila inapozunguka mara moja. Ifunge kichwani sahani ya kadibodi yenye kipenyo cha sentimita 20, na ukingo wake uugawe mara 100. Kila alama sasa ni sehemu moja ya mia ya milimita, na nafasi kati ya alama na alama ni zaidi ya milimita 6, ambayo kila mtu aweza kuiona.

Imebaki shida moja: mkono mmoja hukaza sana, mwingine hukaza kidogo. Hapo ndipo elektroniki huingia. Katika fremu ya mti mgumu, weka kizuizi cha chuma upande mmoja, na upande wa pili nati inayopitisha bolti. Unga kizuizi na bolti katika saketi ya betri mbili za volti 1.5, rezista, na taa nyekundu ya diodi kama ile ya kuonyesha kwamba redio imewashwa. Taa huchukua volti 2 hivi, hivyo volti 1 hubaki kwa rezista. Kwa mkondo wa ampea 0.01, kanuni ya Ohm yatupa omu 100. Chuma kinachopimwa hukaa kikigusa kizuizi. Mara bolti inapokigusa, taa huwaka, na hapo husomwa sahani.

Yafaa kufuta mafuta na kutu, na kuzungusha bolti kuelekea upande mmoja tu wakati wa kusoma, maana nati ina mchezo wake. Chombo hiki hakishindani na maikromita ya dukani. Lakini kikilinganisha shafti nzima na iliyolika, kitafichua tofauti ya sehemu chache za mia. Kitumie betri tu, kamwe si umeme wa ukutani, na mashine iwe imezimwa kabisa.

JARIBIO LA DARASANI

Chukua kipande cha shafti ya chuma cha pua chenye kipenyo cha milimita 40. Kipime kikiwa baridi, kisha kichemshe, ukitoe kwa koleo, ukikaushe na kukipima upesi. Chuma cha pua hutanuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Kutoka digrii 25 hadi 95, kipenyo kitaongezeka kwa kiasi cha milimita 0.034, yaani alama tatu na zaidi.

Mwanafunzi aliyeona alama hizo zikisogea atamwelewa mkerezaji anayesubiri shafti yake ipoe kivulini kabla ya kuipima. Ikipimwa ingali na joto la digrii 30 zaidi, huwa imeongezeka milimita 0.014, ikipoa hupungua, na beringi italegea. Shule isiyo na mashine ya kukerezea isingoje kuipata ndipo ianze somo hili. Ianze na kipimo, ili siku mashine itakapofika, wawepo watu wanaojua kuidai ukweli.