Bibo si la kutupa: smuzi ya msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, chini ya mikorosho ya Masasi na Newala mabibo yanaoza kuliko yanavyoliwa. Korosho inang'olewa, inaanikwa, inasubiri mnada. Bibo linatupwa, au linaishia kwenye uraka. Halafu wanachuo tuko likizo tunanunua juisi ya boksi! Wakati bibo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa.

Kinachotukimbiza ni ule ukakasi unaokwaruza koo. Unatokana na tanini, na sukari haiuondoi, inauficha tu. Dawa yake ni uji mwepesi wa mchele, mtupu kabisa. Okota mabibo yaliyoanguka asubuhi, ng'oa korosho (usiipasue mbichi, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi), osha, kamua, chuja. Kila lita moja ya juisi tia nusu kikombe cha uji uliopoa, koroga, acha itulie. Wanga unashika tanini na kuzama nayo. Mimina ya juu taratibu, usage na ndizi mbivu. Utamu huo unatosha. Huna blenda? Ponda ndizi kwa mwiko, maisha yaendelee.

Inywe siku hiyohiyo. Ukiilaza kwenye joto la Masasi, kesho utakuta uraka unaanza.