Kilo zimerudi, nguvu je?

WACHUUZI wa Busia hupima kila kitu: mahindi kwa gorogoro, omena kwa mkebe, mitumba kwa bale. Nguvu za mwili hazina mizani sokoni, nazo ndizo humponyoka kimyakimya anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU).

Nchini Uganda, ugonjwa huu ulipewa jina kutokana na kukondesha watu. Mwaka wa 1985, watafiti waliochunguza wagonjwa wa Rakai waliueleza katika jarida la The Lancet kwa jina la wenyeji, "Slim". Vijijini likawa silimu.

Kinachoisha si mafuta pekee. Mwili unaopambana na virusi huhitaji chakula zaidi, ilhali vidonda vya kinywa, kuhara au kifua kikuu humzuia mgonjwa kushiba. Ndipo mwili unapoanza kula misuli yake wenyewe. Madaktari huingiwa na wasiwasi mtu akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzani bila kukusudia. Yaani zaidi ya kilo saba kwa aliyekuwa na kilo 70.

Tororo ilionyesha kuwa hali hiyo hugeuzwa. Kuanzia 2003, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC), kwa ushirikiano na shirika la TASO, kiliwapelekea wagonjwa wa Tororo na Busia dawa za ARV nyumbani kila wiki kwa pikipiki. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 95.

Hata hivyo, dawa hurudisha kilo upesi kuliko nguvu. Stavudine, iliyotumika sana miaka hiyo, iliwaondolea baadhi mafuta ya mashavu na miguu, majirani wakadhani wanazidiwa. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri iachwe. Dolutegravir inayotumika sasa huweza kunenepesha, lakini tumbo kubwa si misuli: mtu hupendeza machoni na bado akashindwa na gunia.

Jipime hivi: keti kitini, kisha uinuke bila kujishika. Ukishindwa, au ukikonda, ukikohoa au kutokwa jasho usiku, nenda kliniki upimwe kifua kikuu.

Misuli hujengwa kwa chakula na kazi. Omena, ambayo ng'ambo ya mpaka huitwa mukene, maharagwe, karanga na mayai yanatosha kuanzia. Ongeza mzigo kidogo kidogo, siyo gunia zima siku ya kwanza.

Na usikatize dawa. Anayerudi nyumbani kutoka Nairobi au Kampala aombe barua ya uhamisho kabla ya kupanda basi. Mchuuzi anayevuka mara kwa mara aulize kliniki kama anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Forodha ikichelewesha bidhaa, hasara ni ya wiki. Vidonge vikikosekana, virusi huongezeka, na misuli iliyojengwa kwa miezi huanza kuyeyuka upya.